Mkwe Haanguki

Nimekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanga nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, pale Jericho, Nairobi. Nimepigwa risasi mlangoni mwa benki ya mbao, nimetupwa kutoka kwenye lori, nimekabwa koo na askari ambaye nje ya kazi alikuwa mwimbaji wa kwaya na mikono yake ilinukia sabuni ya maua. Miaka hiyo ya sabini, televisheni ilipotaka jambazi kwa mchezo wa Jumapili, waliniita mimi. Sikuwa na kipaji kikubwa. Nilikuwa na sura.

Sura yenyewe ni hii: paji la uso limetokeza mbele, pua imelala upande, na kovu linatoka penye jicho hadi karibu na mdomo. Watu walidhani ni kisu. Ni jogoo. Jogoo wa nyanya yangu kule Murang'a alinirukia nikiwa mdogo, na mpaka leo kuku akinikaribia mimi huvuka barabara. Lakini utawaambiaje watu wa televisheni kwamba kovu lako ni la kuku? Niliwaacha waamini walichotaka, nao wakaniandikia maneno machache machache. "Toa kila kitu!" "Hakuna kusonga!" Na mara nyingi zaidi, "Aaah!"

Hiyo "Aaah" ndiyo iliyokuwa kazi yangu hasa. Wazungu wenye kamera walipokuja kupiga filamu zao huku kwetu, wakagundua kwamba naanguka bila kulalamika, wakaanza kunitumia badala ya waigizaji wao wenye meno mazuri. Mwenye meno anapanda juu ya paa, anaangalia mbali kwa ushujaa, kisha anashuka kwenda kunywa kahawa. Mimi navaa shati lake, napanda, na kuanguka. Shati halikunitosha hata siku moja.

Kuanguka kuna ufundi wake, na anayekwambia ni kujiachilia tu hajawahi kulala na ubavu uliovimba. Hutangulizi mkono, utauvunja. Unaanza na nyama ya paja, kisha kiuno, kisha bega, na kidevu unakibana kifuani. Haya nilijifunza sokoni Gikomba, kwa rafiki yangu fundi wa vitanda. Jirani yake aliuza mitumba, na marobota ya nguo yaliposhushwa, kabla hayajafunguliwa, mimi nilipanda juu ya mabati ya karakana na kujitupa juu ya marobota hayo. Wapita njia walishika vichwa. Mama muuza viazi wa pale alizoea hata akawa hageuki. "Ni yule wa kufa," aliwaambia wateja wake, akaendelea kupima viazi.

Kazi ya fundi ilikuwa kunipiga risasi. Mwelekezi wa televisheni alikuwa amelalamika kwamba nachelewa kufa. Bunduki inalia, mimi natafakari kidogo, ndipo nianguke. Basi fundi akachukua ubao mpana, akaupiga juu ya meza yake ya kazi, pa! nami nikaenda chini. Pa! chini. Pa! chini. Tulirudia hadi mwili ukaacha kuniuliza ruhusa. Kishindo kikilia, mimi nimelala, macho wazi, nimetulia tuli mpaka mtu aseme "Kata!" Fundi naye, kila nikimaliza vizuri, alisema, "Safi sana!" Nilijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote cha shule.

Wakati huohuo nilikuwa nimempenda msichana wa safu ya nyumba iliyo nyuma yetu. Alikuwa akipiga taipu mjini katika ofisi fulani, na siku tuliyofahamiana alinikuta nimekwama kwenye njia ya kwao, kuku wa jirani amesimama katikati, sisogei. Alimfukuza kuku kwa mkoba wake.

"Wewe si ndiye ulivunja ile benki juzi?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Na unaogopa kuku?"

Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi ya mlango wa watu. Mimi, ambaye mtaa mzima uliniogopa, ambaye muuza nyama alinikatia pande lisilo na mfupa bila kuombwa, nilifurahi sana kuchekwa hivyo. Nikajua huyu nisipomwoa nitakuwa nimepata hasara ya maisha.

Shida ilikuwa mama yake. Alikuwa mjane, mtu wa magharibi mwa Kenya, kiongozi wa akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kisichokuwa na kunyanzi hata moja. Jumapili jioni, watu walipojaa katika ukumbi wa mtaa, ule tuliouita soshio, kutazama televisheni, yeye aliketi benchi la mbele. Mchezo tuliupiga siku kadhaa kabla, kwa hiyo na mimi nilikuwemo ukumbini, nyuma kabisa, nikijitazama. Na kila nilipopigwa risasi, mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa yeye. Tukikutana njiani, alihamisha mkoba wake kwapa la upande wa pili.

Binti yake alijaribu kumweleza. "Mama, ule ni mchezo tu."

"Mchezo gani?" mama akasema. "Kila wiki anaiba. Mtu mwema si angekuwa amechoka?"

Ilichukua muda mrefu, na maombi mengi ambayo mengine nashuku yalikuwa ya kuniombea nihame, lakini hatimaye alikubali nije kujulishwa nyumbani. Mjomba wa msichana, mzee aliyestaafu kazi ya reli, ndiye angesimamia. Na kabla ya siku yenyewe, msichana aliniketisha akanipa sheria za kwao. Mama mkwe sitamshika mkono. Sitamtazama machoni. Yeye pia hatanigusa wala kunitazama. Atakaa jikoni, nyuma ya pazia, na kusikiliza.

"Na zaidi ya yote," akasema, "mkwe haanguki."

"Haanguki vipi?"

"Akianguka ndani ya nyumba ya wakwe, hata kwa kuteleza tu, ni mkosi. Mambo yanaishia hapo. Shangazi yangu alikuwa na mchumba mzuri sana, karani, akateleza kwenye ganda la ndizi hapo mlangoni. Walimrudisha hata kabla hajapangusa suruali."

"Na kiti kikivunjika?"

"Kikivunjika ndiyo mbaya kabisa."

Nilicheka kwa dharau. Unamwambia nani habari za kuanguka? Mtu anayejua kila njia ya kwenda chini, nikamwambia, ndiye anayejua zaidi kubaki juu.

Nikaenda siku ya Jumamosi mchana, nimevaa suti iliyotoka kwenye mojawapo ya yale marobota ya Gikomba. Fundi alikuja kama msemaji wangu, kwa kuwa baba yangu alikuwa ocha, kule kijijini, na alisema atakuja wakati wa kuzungumza mambo ya mbuzi wa mahari. Sebule ilikuwa imepambwa. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma kilichotiwa wanga hadi kikasimama chenyewe. Chai ilikuwa mezani, mandazi kwenye sinia. Mjomba alikuwa ameketi wima, kofia yake gotini. Nyuma ya pazia la jikoni niliona ncha za viatu vya mama mkwe.

Fundi alishika kiti changu, akakitikisa, akainamia sikio langu. "Buda, huo mguu wa nyuma umepigwa msumari. Hauna gundi. Usiegemee, haki ya nani."

Nikakaa ukingoni, mgongo umenyooka, magoti pamoja, kama mtoto anayesubiri kudungwa sindano.

"Kijana," mjomba akasema, "kazi yako ni gani?"

"Naanguka, mzee."

Pazia likatikisika. Fundi akakohoa. "Ni msanii, mzee. Anaanguka kikazi tu, si kitabia."

"Anaanguka wapi?"

"Popote anapotumwa."

Mjomba akatikisa kichwa polepole, na sikujua kama ni kukubali au kusikitika. Lakini mazungumzo yalisonga. Tukazungumza mvua, kanisa, na jinsi treni za siku hizi hazina adabu ya kufika saa yake. Msichana akapita na sukari, akanitupia jicho, nami nikaona kwamba anaona kwamba tunaelekea kushinda. Nikachukua andazi. Nikajiambia, umefaulu.

Hapo nje likapita lori la vyuma chakavu, likielekea kwa mafundi wa Kariobangi. Ekzosi yake ikakohoa. Pa!

Paja, kiuno, bega. Kidevu kifuani. Nilisema hata "Aaah." Nasema kweli, sijawahi kuanguka vizuri namna ile mbele ya kamera yoyote. Kiti kilibaki kimesimama, hakikuguswa. Andazi liliruka likabingirika chini ya kabati. Nami nikalala pale sakafuni, macho wazi, nimetulia tuli, kwa sababu hakuna mtu aliyesema kata.

"Safi sana!" fundi akasema, kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Pazia likang'oka. Mama mkwe alitoka jikoni mbio, akaniona nimelala vile anavyoniona kila Jumapili, ila sasa nilikuwa juu ya zulia lake. Hakupiga makofi. Alipiga magoti. Akanishika kichwa, akakiweka mapajani pake, akanitazama machoni kabisa, akalia kwa sauti ambayo majirani waliikimbilia. "Mwanangu! Uuuwi, wamemuua mwanangu!"

Mikono yake ilinuka vitunguu. Nilitaka kubaki hapo.

"Mama," nikasema, "sijafa."

Akanizaba kofi.

Majirani walikuwa dirishani. Mjomba alisimama, akavaa kofia. "Ameanguka," akasema. "Ameguswa. Ametazamwa. Ameliliwa akiwa hai. Mimi sijawahi kuona nyumba ambamo kila kitu kimeharibika kwa mara moja hivi." Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Msichana alikuwa amesimama na bakuli la sukari, machozi yanamtoka, hata hayapangusi. Mimi nimeanguka kutoka kwenye paa na kwenye farasi, lakini sijaumia mahali popote kama nilivyoumia pale nikimwona. Mama mkwe alikuwa amerudi jikoni na pazia lake mkononi.

Ndipo fundi, ambaye maisha yake yote ameongea na mbao tu, akafungua mdomo. "Mzee, samahani. Huko kazini kwake, mchezo ukiharibika hawautupi. Wanasema 'turudie.' Kila mtu anarudi alipokuwa, chai inamiminwa upya, wanaanza mwanzo. Kile kilichoharibika kinakatwa. Kinaenda kwa takataka. Hakuna mtu anakiona."

Mjomba akamgeukia. "Hata sisi," akasema taratibu, "treni ikipita ishara kimakosa, ilirudishwa nyuma, ikangoja, ikaingia stesheni upya. Abiria walifika vilevile." Akavua kofia. "Na huko kwenu, nani ana mamlaka ya kusema neno hilo?"

"Mwelekezi."

"Mwelekezi wa nyumba hii ni nani?"

Fundi alinitazama, mimi nikamtazama msichana. Sauti ikatoka jikoni.

"Ni mimi. Tokeni nje nyote. Turudie."

Tukatoka kwa mstari, mjomba mbele, majirani wakitupisha. Ndani tulisikia vikombe vikisuuzwa na nyundo ikigonga, pazia linarudishwa mahali pake. Halafu mlango ukafungwa. Fundi akabisha hodi. "Karibuni," ikajibu sauti ya mama, kwa mshangao mzuri kabisa, kana kwamba hajatuona tangu azaliwe. Mjomba naye akanisalimu upya na kuniuliza habari za nilikotoka. Nimefanya kazi na watu waliolipwa vizuri ambao hawakuweza kuigiza hivyo.

Kiti changu hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na mkeka.

"Yule mwenye pua akae chini," pazia likasema. "Kutoka hapo hana pa kuanguka."

Nikakaa chini. Mjomba akaniuliza kazi yangu ni gani, na kabla sijajibu, jikoni kukasemwa, "Ameshasema. Mwulizeni mengine." Tulimaliza chai. Lile andazi la kwanza halikutajwa na mtu yeyote, na kwa ninavyojua liko chini ya kabati mpaka leo.

Jumapili iliyofuata nilienda soshio, nikakaa nyuma kama kawaida yangu. Katika mchezo nilikuwa nimevunja duka la saa, na askari wa kwaya akanipiga risasi nikielekea mlangoni. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Vijana wakapiga mbinja.

Benchi la mbele, kitambaa cheupe kiliinuka, kikageuka.

"Nyamazeni!" mama mkwe akawaambia. "Huyo ni wetu. Ngojeni, ataamka."

Mchezo ukaendelea bila mimi, ukaisha. Habari zikasomwa. Watu wakaanza kutoka, benchi moja baada ya jingine, na mlinzi akaja kuzima televisheni. Mama mkwe alibaki ameketi, mkoba mapajani, anatazama kioo kilichokwisha kuwa cheusi. Ilinibidi nitembee hadi mbele na kusimama mahali ambapo angeniona, mbali kidogo kama inavyotakiwa. Hakunitazama machoni. Alitazama viatu vyangu, akaona kwamba vina mtu ndani yake na vimesimama, akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.