Simu ya Baba Ilivyonianika Kanisani

Aibu hii ningependa sana kuificha, lakini kwa kuwa kanisa zima pale Ruiru liliisikia kwa masikio yake sioni ninamficha nani, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa akina mama wa kwaya, ambao najua wameshaitia chumvi na pilipili.

Baba yangu alikuwa na gari la buluu, stesheni wagoni ya zamani tunayoiita Cucu kwa sababu ni nyanya wa magari yote ya mtaa wetu wa Kimbo, na ana macho ambayo siku hizi yanamwonyesha ukungu tu. Alikuwa akiendesha kwa kukumbuka. Alishagonga nguzo ya geti letu, na kuna siku nusura amkanyage mama mboga pamoja na sukuma wiki yake (alimwomba msamaha vizuri sana, ila aliangalia upande ambao mama hakuwako). Tukimwambia aache kuendesha, anafungua kabati, anatoa logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, anaiweka mezani. "Soma hapo. Hilo jina Karanja ni la nani?" Mjadala unaishia hapo.

Basi mimi na ndugu zangu tukapata akili, au tuseme tulidhani tumeipata: tukibadilisha jina, hatakuwa na la kutuonyesha tena. Siku hizi kazi hiyo hufanywa mtandaoni, akaunti yake nilimfungulia mimi, kilichobaki ni namba ya siri ambayo hutumwa kwa simu ya mwenye gari. Na simu ya Baba haitoki mfukoni mwake ila Jumapili, ananipa niiweke kwa mkoba isije ikalia wakati wa mahubiri.

Ningengoja tufike nyumbani. Sikungoja. Mama mmoja alianza kuomba, na maombi yake hupitia kila kaunti kabla ya kufika amina, nami nikaona nafasi ninayo, nikainamisha kichwa kama mcha Mungu, simu yangu juu ya Biblia, nikabonyeza. Namba haikuja. Nikabonyeza tena, na tena, mtandao umelala. Mama akamaliza, pasta akasema tunyamaze kidogo tuwaombee wagonjwa kimoyomoyo, na kanisa lote likawa kimya.

Mlio wa simu ya Baba nilikuwa nimeuzima. Nilichosahau (na ni mimi niliyemwekea, jamani) ni kwamba kwa sababu ya macho simu yake humsomea ujumbe kwa sauti. Mkoba ukaanza kusema, sauti ya kike, polepole na kwa nguvu, kwamba ombi la kuhamisha umiliki wa gari limepokelewa na namba ya siri ni hii hapa. Nikaukalia mkoba. Ukasema tena kutoka chini yangu, maana si nilibonyeza na kubonyeza, na ulipomaliza mara ya tatu hata watoto walikuwa wameikariri namba.

Pasta, Mungu ambariki, alijaribu kuniokoa. "Labda kuna mtu gari yake imemfungia mwingine njia huko nje?"

Baba akasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Hapana, pasta, ni gari yangu. Huyu msichana wangu anaichukua. Endeleeni na wagonjwa."

Wengine walicheka, wengine walinitazama vile hutazamwa mtu aliyepatikana na kuku wa jirani kwapani. Ibada ilipokwisha nilimkuta Baba ndani ya gari, kwenye usukani, hajawasha. Nikaingia kando yake na machozi yangu.

"Maitu," akasema (huniita hivyo, mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yake), "nimelima shamba za watu huko Thika tangu nikiwa kijana. Jembe lilikuwa lao. Nyumba ni ya kupanga. Hii ndio kitu moja tu imeandikwa jina langu."

Sikuwa najua. Miaka hiyo yote nilidhani ni ukaidi wa uzee.

"Si ungeniomba," akasema.

"Ungekataa, Baba."

"Ningekataa. Halafu ungeniomba tena. Mtu huombwa."

Nikamwomba pale pale. Akakataa. Akina mama wa kwaya wakapita karibu na dirisha wakijifanya wanatafuta watoto wao. Nikaomba tena, nikamwambia nampenda na naogopa kumzika kwa sababu ya gari, na kwamba nitampeleka popote, hata Thika kwa wazee wenzake kila akitaka. Akafikiria sana, kisha akanyoosha mkono apewe simu. Ile namba ilikuwa imeshapitwa na muda, ikabidi itumwe nyingine, simu ikaisoma, naye akanirudia tarakimu moja moja huku nikiandika. Akashuka, akazunguka gari akipapasa boneti, akaingia upande wangu, nami nikasogea kwenye usukani. Njia nzima alilalamikia gia zangu.

Logbuku mpya ilipotoka aliniambia nimsomee jina. Nikasoma, Nyambura Karanja.

"Hilo la mwisho, soma tena."

"Karanja."

"Sawa," akasema, akajiegemeza kitini. "Kumbe bado niko."

Mimi nimekoma. Nikitaka kitu cha baba yangu siku hizi naomba, akikataa nangoja, kisha naomba tena.