Simu Yangu Inayomjua Mpigaji

Jamani, nichekeni sasa ili tumalizane. Hapa Keroka wenye simu ya mkononi ni wa kuhesabika, na mimi karani nimo. Kila siku hotelini naiweka mezani kando ya chai, nikiwaringia wenzangu: "Hii hunitajia jina la mtu kabla sijaishika."

Juzi ikalia. Jina likatokea: Kwamboka, mke wangu, aliyekuwa kwao Nyansiongo akimsaidia mamake kuvuna mahindi. Meza nzima ikanitazama. Nikaona ni wakati wa kuwaonyesha mwanamume ni nani.

"Wewe mwanamke!" nikanguruma. "Nilikwambia usinipigie nikiwa na wanaume. Rudi jikoni!"

Ndipo nikakumbuka kwamba nambari niliyoipa jina la Kwamboka ni ya simu ya duka la huko kwao, na hutumiwa na kijiji kizima. Simu hujua nambari tu, haijui nani ameshika mkonga.

Aliyeushika ni mama mkwe, ambaye kwa heshima yetu Wakisii hata machoni simwangalii.

"Sawa, mwanangu, narudi jikoni," akasema polepole. "Lakini huyu jogoo niliyekuwekea, sasa nimpikie nani?"