Tabitha Wanjiku Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kama katibu wa timu ya taifa ya wanawake sikushika kalamu. Meneja wa timu wakati huo, mwanajeshi mstaafu aliyekunja mikono ya shati hata katika baridi ya Julai, alimwaga gunia la njumu sakafuni akaniambia nisome majina yaliyoandikwa kwenye ulimi wa kila kiatu, kwa sauti, mpaka niyajue. Nilipokosea moja alinirudisha mwanzo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na kurudishwa mwanzo kama mtoto wa darasa la pili kulinichoma. Alipoona nimenuna, akacheka.

"Katibu," akasema, "mchezaji akikosa penalti, watu watapiga kelele wiki moja wasahau. Wewe ukikosa jina, huyo mtu hayuko. Hayuko kabisa."

Mimi ni mzaliwa wa Bondeni, hapa Nakuru. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo, babu zake walitoka pwani, na katika mstari wetu wa nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, kulikuwa na kila kabila na kila kanisa. Ndiyo maana nilijivunia majina. Nilijua kwamba Chepkoech alizaliwa kunakucha, Chebet mchana na Chelagat jua likizama. Nilijua kwamba Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba. Makatibu wenzangu walinipigia simu kuniuliza jina fulani ni la wapi, nami nilijibu hata kabla hawajamaliza kuuliza. Majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mna simu na kompyuta za kuwakumbusha. Sisi tulifanya kazi kwa karatasi na penseli. Msaka vipaji, yaani yule anayezunguka viwanjani kutafuta wachezaji, alileta karatasi yenye jina, mahali na nafasi ya kila msichana aliyempenda. Kocha Mkuu alitia alama. Mimi niliandaa orodha ndefu, kisha ikapunguzwa mpaka orodha ya mwisho ya wachezaji ishirini na watatu, ikatumwa kwa waandaaji. Ikishatumwa tunasema imefungwa. Daktari pekee ndiye anayeweza kuifungua, mchezaji akiumia.

Mashindano ya kirafiki watu huyadharau kwa sababu hayana kombe la maana. Nchi tatu nne zinaalikwa, zinacheza wiki moja, zinaagana. Lakini ndipo makocha hujaribu sura mpya. Kwa msichana anayecheza katika uwanja wenye mteremko huko Kuresoi, kati ya mashamba ya viazi, mlango ni huo, na hakuna mwingine.

Mwaka ninaousema tulikuwa na meneja mwingine, mtu wa suti aliyependa mambo yaishe upesi. Karatasi ya msaka vipaji ilinifikia asubuhi, na orodha ilitakiwa kufungwa saa kumi jioni. Nikaona Tabitha Wanjiku, Kuresoi, beki wa kushoto. Mistari miwili chini yake nikaona tena Tabitha Wanjiku, Kuresoi, kiungo, na yote mawili Kocha ameyatia alama. Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu bwana amempenda msichana mmoja mpaka amemwandika mara mbili, kwa sababu anacheza nafasi mbili. Nikapiga mstari wa penseli juu ya jina la pili, tena kwa rula. Nikamwambia Kocha Mkuu kwamba jina moja limerudiwa, kwa hiyo tuna nafasi. Akaniamini. Akaongeza mlinda lango wa tatu, nikafunga orodha, nikaenda kunywa chai.

Kambi ilikuwa hapa Nakuru, katika shule ya bweni iliyokuwa likizo. Siku ya kuripoti nilikaa mezani getini nikipokea vyeti vya kuzaliwa. Karibu adhuhuri wakaja wasichana wawili waliofanana mashavu, na bikizee aliyefunga kitambaa cheupe cha kanisa. Walikuwa na mabegi mawili na barua moja.

"Madam, sisi ndio tumefika," alisema mmoja. "Lakini barua ilikuja moja tu. Tukasema labda ni ya wote wawili."

Nilifungua vyeti. Tabitha Wanjiku Mwangi. Tabitha Wanjiku Njoroge. Mwangi na Njoroge walikuwa ndugu, na kila mmoja alimpa binti wake wa kwanza jina la mama yao, pamoja na lile la ubatizo.

"Mimi pia ni Tabitha Wanjiku," alisema bikizee, akicheka. "Barua ilipofika nikawaambia, pengine ni mimi naitwa nikacheze."

Nilicheka naye kwa sababu ya adabu. Nilikuwa nimeshajua nimemfuta nani. Mila hiyo niliijua tangu nikiwa mtoto, ningeweza kumfundisha mtu mwingine, na siku ambayo ingenifaa haikunijia kichwani.

Niliwaacha kwenye benchi nikaenda kwa Meneja. Nilimweleza yote bila kujitetea. Alisikiliza huku akitazama saa yake.

"Hiyo orodha imefungwa, Katibu. Ukianza kusema tulikosea, kesho ni magazeti. Chukua mmoja, mwingine arudi nyumbani."

"Na nimwambie nini?"

"Mwambie Kocha ameamua. Nani atabishana na Kocha?"

Ningeweza kwenda uwanjani kwa Kocha Mkuu mwenyewe. Alikuwa hatua mia mbili, nilisikia filimbi yake. Sikwenda. Nilikuwa nimebakisha miaka michache nistaafu, na niliogopa kuitwa katibu aliyefuta mchezaji. Nasema wazi: niliogopa.

Nikarudi getini nikasema Kocha anahitaji beki. Tabitha wa Mwangi alishika mdomo, halafu akamtazama binamu yake asijue afurahi au afanyeje. Tabitha wa Njoroge hakulia. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mwenye magoti yenye makovu ya kuanguka. Alichukua begi lake, akalirudisha chini, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Madam, nilikosea wapi? Niambie nirekebishe, ndio next time nisiachwe."

Hapo ndipo nilipotenda kosa kubwa kuliko lile la penseli. Alitaka jibu, nami nikampa la kwanza lililonijia.

"Mbio," nikasema. "Wewe ni mzito kidogo. Fanya mbio."

"Sawa, Madam. Asante kwa kuniambia."

Bikizee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka. Kisha wakaondoka wawili, na begi moja.

Msaka vipaji alipiga simu baadaye akiuliza kiungo wake yuko wapi. Meneja alimjibu kwamba Kocha ameamua. Tabitha wa Mwangi alicheza vizuri, akaitwa tena mara mbili tatu, na kila nilipoandika jina lake niliandika majina matatu. Tangu siku hiyo nilidai majina matatu kwa kila mchezaji, na wenzangu wakanisifu kwa umakini. Sikuwaambia nilijifunzia wapi. Karatasi ile ya msaka vipaji niliitoa kwenye faili nikaiweka nyumbani kwangu, mtaa wa Section 58, ndani ya Msahafu wa marehemu baba, mahali ambapo ningeiona kila siku.

Nilistaafu kwa keki na hotuba. Mgeni wa heshima alisema katika miaka yangu yote sikuwahi kukosea jina. Watu walipiga makofi. Niliirudisha keki yangu mezani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha vya kutosha. Juma lililofuata nikaenda Kuresoi.

Nilimkuta Tabitha wa Njoroge katika uwanja wa shule ya msingi, siku ya Jumamosi, ukungu bado haujaondoka. Sasa ni mwalimu, na ndiye anayefundisha wasichana mpira. Mpira wenyewe ulikuwa kando, umetulia kwenye nyasi. Wasichana walikuwa wanakimbia kuzunguka uwanja, wanapanda mteremko na kushuka, na mdogo wao wa mwisho alikuwa ameshika mbavu.

"Bado raundi nne!" aliwapigia kelele. "Mimi niliachwa juu ya mbio. Nyinyi hamtaachwa!"

Alinitambua mara moja. Akanisalimia kwa heshima, akanipa kiti pekee kilichokuwepo, akaniambia kwamba baada ya siku ile alikimbia kila asubuhi kwa miaka mitatu, kutoka kwao hadi barabara kuu na kurudi, akisubiri orodha nyingine. Shosho, yule nyanya yake, alikuwa akimwamsha. Shosho amefariki sasa. Aliniambia haya bila lawama yoyote, kama mtu anayempa mwalimu wake ripoti ya kazi aliyomwachia.

Sikuweza kukaa kwenye kile kiti. Nilimpa karatasi, nikamweleza jina lililorudiwa, rula, Meneja, filimbi niliyoisikia nisiifuate. Aliusoma ule mstari wa penseli kwa muda mrefu. Kidole chake kilienda juu ya jina lake na kurudi.

"Kwa hivyo sikuwa mzito?"

"Hukuwa mzito. Sikuwa nimewahi kukuona ukicheza hata mara moja."

Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Nilisubiri anitukane, na ningeshukuru. Aliwatazama wasichana wake wakipanda tena mteremko, yule mdogo akiwa wa mwisho, sasa anatembea.

"Hao wote nimewaambia uongo wako," akasema. "Miaka yote hii. Kuna wengine waliacha mpira kwa sababu niliwaambia ni wazito."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Hiyo tutaongea siku ingine." Akapiga filimbi. Wasichana wakaja mbio, wakasimama mbele yetu wakihema. "Huyu ni Madam Katibu. Ako na kitu anataka kuwaambia. Madam, waambie."

Niliwatazama wale watoto, kila mmoja na jina lake. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa siku ya kwanza, juu ya lile rundo la njumu. Nikasema, kwa sauti, Tabitha Wanjiku Njoroge, kiungo, Kuresoi. Alichaguliwa. Mimi ndiye niliyemfuta.