Alama Kumi za Mfiwa

Umande wa Bugene haujakauka, na Nestory Byarugaba yuko ndani ya tangi la maji ya mvua, miguu ikizama katika tope la majani ya mikaratusi. Anachota kwa kopo, anamwaga nje. Wapangaji wanaotoka kwenda mjini Kayanga wanapunguza mwendo. "Pole, Mzee," wanasema, wanapita.

Nestory, mwenye umri wa miaka sitini na mbili, ni msimamizi wa nyumba ya kupanga. Tajiri wake, Winston, anaishi Mwanza na haji mara kwa mara. Badala yake huwapigia simu wapangaji, kila mmoja ampe msimamizi alama, kumi zikiwa za juu kabisa.

Kwa miaka mingi Nestory alipata saba, mara nane. Wakati mmoja walimpa nne kwa sababu ya kitasa kibovu. Alinuna kutwa nzima, kisha akakitengeneza.

Machi mwaka huu mkewe, Prudensia, alifariki. Alimzika migombani, nyumbani kwao Nyabiyonza, akarudi kazini kabla matanga hayajaanuliwa.

"Nilikuwa nafagia, lakini sikuwa naona ninachofagia," anasema.

Mifereji ya paa ilijaa majani. Maji ya tangi yakabadilika rangi. Simu zilipopigwa, wapangaji wote walimpa kumi.

Alipomwomba Winston fundi na mtu wa kumsaidia, alijibiwa kwa kicheko: "Mzee, hujawahi kupata kumi, na leo umezipata. Sasa msaidizi wa nini?"

Haukupita muda, mtoto wa Benadeta, mpangaji wa chumba cha mwisho, akalazwa kwa homa ya matumbo. Amerudi, ila bado anatembea akishika ukuta. Daktari hakusema kwamba ni maji ya tangi. Nestory hakungoja kuambiwa. Alimwendea Benadeta, akamuuliza kama hakuona maji yamechafuka.

"Niliona, baba," alijibu mama huyo, macho chini. "Ningesemaje? Ulikuwa umetoka kuzika. Nani amshitaki mfiwa?"

"Mngenisema, mwanangu. Prudensia angenisema."

Hapo, anasimulia, ndipo alipolia. Kaburini kwa mkewe alikuwa hajalia.

Sasa amemwomba Winston aje mwenyewe kabla ya mvua za vuli, asimuulize mtu, afunue tangi kwa mkono wake na kutazama. Winston ameitikia, ila siku hajataja. Nestory anajua anaweza kufukuzwa, na chumba anacholala ni sehemu ya ujira wake. Hata hivyo anataka aje.

Anatoka ndani ya tangi, anajifuta mikono kwenye suruali. Benadeta amefika na ndoo. Hateki maji. Anainama, anachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Kule pembeni umeacha tope, Mzee," anasema.

Nestory anamtazama. Uso wake unalegea kidogo. Anaokota kopo, anarudi ndani.