Hodi Katika Nyumba ya Picha za Ukutani

Jumamosi, Mei 1986. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikakatika alasiri, joto likapanda kutoka ardhini kama mvuke wa sufuria.

Ninayoyaandika yalitokea. Nikiwa nimekosea mahali, basi ni macho yangu, si nia yangu. Pima mwenyewe.

Mzungu mmoja alikodi ile nyumba kongwe ya mawe mtaani kwetu Malindi, akaitia mitambo. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea sahani za mapambo, alipachika spika. Projekta zilirusha picha kutani: milango ya nakshi, mikono iliyopakwa hina. Spika nazo zilitoa sauti alizozinasa mitaani: kinu kikitwangwa, wanawake wakicheka, mtu akipiga hodi. Watalii wangelipa kiingilio. Sisi wa mtaa tulialikwa bure siku ya kwanza, baada ya magharibi.

Nilimshuku tangu mwanzo. Mtu anayezunguka akinasa sauti za watu, anazitakia nini? Lakini haki yake nimpe: alitusalimu vizuri, na mama yangu yeye ndiye aliyemtafutia kiti cha mbele.

Mama hakutaka kukosa. Zamani tulipanga chumba katika nyumba ile, na dada yangu Zuhura alifia humo kwa homa, mimi nikiwa mdogo. Mama hakuwahi kumsahau hata siku moja.

Taa zikazimwa. Waliochelewa walikuwa wakipita mbele ya projekta, na kila aliyepita aliivunja picha kwa kivuli chake. "Inama wewe, kichwa kama chungu!" watu wakapiga kelele. Tukacheka.

Kisha kidakani ikatoka sauti ya kike: "Hodi!" Ikarudia: "Hodi!" Nikajua ni kanda. Ilipopigwa ya tatu, mama, kwa mazoea ya umri wake wote, akaitika: "Karibu, mwanangu, karibu ndani."

"Bi Mwanakombo, unaikaribisha redio?" jirani yetu akamtania.

Basi akaingia. Niamini. Mwanamke kijana, kajitanda buibui. Alipita mbele ya projekta, katikati kabisa, na picha haikuvunjika. Ile mikono ya hina ilibaki ukutani, kila kidole kizima. Nani anapita kwenye mwanga asiache kivuli? Nilijiambia labda kapita nyuma ya mtambo. Lakini nyuma ya mtambo nilikuwa nimekaa mimi, joto lake likinipiga begani.

Akachutama kando ya mama, akamshika mkono. "Mama, twende." Nilisikia hivyo. Mama akaanza kuinuka.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

Mama akanigeukia kwa ukali. "Huna adabu! Mgeni anaulizwa jina kabla hajaketi?"

Nilirukia mbele, nikamkumbatia mama kiunoni, nikapiga ukelele taa ziwashwe. Mzungu akawasha. Mama alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha mbele, vidole vimekunjwa. Hapakuwa na mtu pembeni yake. Jirani yetu anaapa hakuona yeyote akiingia, na namjua, si mwongo. Hilo nalo naliandika.

Nilimfuata mzungu. Bila ubishi akairudisha kanda, tukasikiliza pamoja. Hodi ilikuwemo, kweli, lakini ya mwanamume. Je, alibadilisha kanda? Au masikio yangu? Sijui, na sitamsingizia.

Nijualo ni kwamba mama hakurudi kuwa yule wa awali. Jua likizama hukaa karibu na mlango, hataki ufungwe, na upepo ukigusa tu komeo, yeye huitika, "Karibu." Mimi hulala chini, mgongo nimeuegemeza mlangoni, nikihofu kuamka nikute kitanda chake kitupu. Nimemsihi asiitike. Ananitazama kana kwamba mimi ni mtoto mkorofi.

Nawe unayesoma, ukipigiwa hodi na sauti usiyoijua, uliza jina kwanza. Wakikuita huna adabu, waache wakuite. Mimi ningelikuwa tayari kuitwa hivyo maisha yangu yote, laiti ningeliuliza kabla mama hajaitika.

Usiku ule tuliporudi nyumbani, tulikula wali na mchuzi wa papa. Mama hakuutia mkono wa kulia sahanini, alisema bado umeshikwa. Basi nikamlisha mimi, tonge kwa tonge.