Nilivyohubiri Vyoo Kaaga

Mimi ni mwanafunzi wa afya ya jamii huko Nchiru, na siku hizi niko mafunzoni katika ofisi moja ya afya ya kaunti. Jumamosi msimamizi wangu, Madam Karimi, alinituma Kaaga nikawafundishe wakaazi kuhusu vyoo.

"Ukipita kanisa utaona hema na viti," aliniambia.

Niliapa moyoni kwamba nitaongea hata mvua ikinyesha.

Nikapita kanisa, nikaona hema na viti. Mama mmoja aliyejifunga leso alinipokea kwa furaha.

"Ni wewe umetumwa kuongea?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Karibu sana! Tulidhani mmepotea njia."

Nikapewa chai na kiti cha mbele kabisa. Watu waliponyamaza, nikasimama.

"Nimekuja kwa sababu ya choo cha boma hili."

Wazee wakatazamana, kisha wakaitikia kwa vichwa. Nikapata nguvu.

"Choo kisipofunikwa, kila nzi anaingia. Hicho cha zamani tukiache, tutafute kipya!"

Minong'ono ikaanza. Nilidhani hawataki tu kuchimba shimo, kwa hivyo nikakaza sauti na kurudia jambo la nzi.

Mwenye boma akainuka polepole.

"Binti yangu, tunajua watu wakija kuposa huongea kwa mafumbo," akasema. "Lakini huyu msichana wetu, mbona mnamwita choo?"