Meza ya Saa Nane Mchana

Nilivunjika mguu mtaani Kasenga, nikishuka kutoka juu ya bati la nyumba ya watu. Kazi yangu ni kufunga paneli za sola, na siku ile nilikuwa nimeshamaliza. Ilibaki kushuka tu. Mguu uliwekwa plasta hadi juu ya goti. Kwa kuwa nilikuwa naishi peke yangu, dada yangu mkubwa alikuja na gari ya jirani, akapakia godoro langu, kisha akanipakia mimi juu ya godoro, tukaenda kwake, upande wa karibu na ziwa.

Dada anashona. Cherehani yake iko barazani, na toka asubuhi hadi jioni nilikuwa nasikia ikienda na kusimama. Mume wake, shemeji yangu, ni mtu wa mpakani: anawatayarishia wafanyabiashara karatasi za mizigo pale Kavimvira. Miezi ile mizigo ilikuwa haipiti vizuri, kwa hiyo siku nyingi alirudi mapema, akala, akaketi kwenye kiti karibu na godoro langu, akafungua simu. Mwanzoni nilidhani anasoma habari. Halafu nikaona karata.

"Shemeji, hiyo ni nini?"

"Poka," akasema. "Kila muntu anapewa karata mbili zake za siri. Tano zinawekwa katikati, za wote. Mwenye kuunganisha vizuri anachukua pesa yote. Ama mwenye kuogopesha wengine vizuri."

Nilitegemea aanze kucheza. Hakucheza. Alipita meza moja, akatazama, akatoka, akaingia nyingine. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Natafuta pa kuketi. Kucheza si kazi, shemeji. Kazi ni kuchagua meza."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza, mguu ukiwa juu ya mto na sina pa kwenda. Alinionyesha meza ambayo karata ziligawanywa na karibu kila mtu akazitupa, zikagawanywa tena, wakatupa tena. "Hawa wako wanangojea," akasema. "Kila mumoja ana uvumilivu kama wangu. Sasa nitakula wapi hapo?" Kisha akanionyesha meza nyingine ambayo watu wote walikuwa wanaingia na karata zozote, pesa inajaa katikati, mtu anashindwa na bado anafunua karata zake ili wenzake wazione. Hapo uso wake ulilainika. "Hii njo meza. Hawa wamekuja kufurahi."

Hata kiti alikichagua. Alitaka yule anayetupa pesa hovyo awe mkono wake wa kuume, ili aamue kwanza, na yeye shemeji aamue baada ya kumwona. Yule mtu akiondoka, naye anaondoka, hata kama anashinda. Na siku ambazo hakuona meza nzuri, alifunga simu akalala usingizi wa mchana. Nilimheshimu zaidi kwa siku hizo.

Dada hakupenda mambo hayo, lakini alisema mara moja tu, uzi ukiwa mdomoni: "Pesa ya bukari, ugali wetu, musiiguse." Shemeji hakuigusa. Alikuwa anacheza meza za pesa ndogo kabisa, na alichopata kilitosha kununua mega za internet na sabuni, na mara moja moja samaki mzuri, mukeke, badala ya ndakala, dagaa wetu wa kila siku.

Siku moja, saa nane mchana, tulimkuta mtu ambaye picha yake ilikuwa kofia ya sufu iliyovutwa hadi machoni. Uso hauonekani, kofia tu. Alikuwa anaingia kila mchezo. Alipewa karata mbovu, akaingia. Akapigwa, akaingia tena. Shemeji alifurahi, akaketi mkono wake wa kushoto. Baada ya kupoteza rundo kubwa, yule mwenye kofia aliandika chini kwenye sehemu ya maneno: *Pole yangu miye.*

Shemeji alishtuka. "Ni wa kwetu huyu!" Akamwandikia: *Jambo ndugu. Usichoke.*

*Sichoki. Habari ya huko?*

*Mvua tu.*

Kesho yake alikuwepo saa ile ile. Kesho kutwa pia. Ikawa desturi ya nyumba: tunakula, dada anatoa sahani, shemeji anafungua simu na kumtafuta mwenye kofia. Akimwona, anaketi kushoto kwake. Wanasalimiana, wanataniana kidogo, na pesa inahama polepole kutoka kuume kwenda kushoto. Sikuona ubaya. Mtu alikuwa anacheka.

Halafu ikaja siku mzigo wa mteja mmoja ulipokwama mpakani, shemeji akaitwa. Aliniachia simu ya nyumbani, ambayo mchezo ulikuwa ndani yake. "Keti tu kwenye meza yetu," akaniambia. "Ngojea karata nzuri. Usifanye ujanja."

Niliketi. Nilicheza kidogo, kwa woga. Mara mwenye kofia akaandika: *Leo si weye wa kila siku. Unaandika polepole.*

*Miye shemeji yake,* nikajibu. *Yeye iko mupaka.*

*Mupaka gani?*

*Kavimvira.*

Hakujibu. Zamu yake ya kucheza ilifika, muda ukapita, mashine ikazitupa karata zake. Zamu nyingine, vile vile. Nilidhani internet imekatika. Kisha akaandika:

*Miye muntu wa Makobola.*

Makobola iko hapo tu, ukifuata barabara ya Fizi, ziwa likiwa upande wako wa kushoto njia nzima. Nimefunga sola mbili tatu kule. Nilimwandikia hivyo, naye akaniuliza ni kwa nani, barabara ikoje, kama maji ya ziwa yamefika kanisani. Alikuwa ameondoka akiwa kijana, akapita kambi moja na nyingine, sasa yuko nchi ya baridi, anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha kukata kuku. Saa nane yetu ni asubuhi yake. Anarudi, anavua buti, hawezi kulala, na katika jengo lile hakuna mtu wa kusema naye Kiswahili.

*Nilitafuta sana,* akaandika. *Meza nyingi batu hawasemi kitu. Zingine wanasema luga sijui. Ile siku shemeji yako aliniambia usichoke, nikasema, hapa njo nitakuwa naketi.*

Nilisoma maneno hayo mara kadhaa. Sisi tulikuwa tumemchagua yeye, na muda wote huo yeye naye alikuwa ametuchagua.

Tulipokuwa tunaandikiana, alikuwa haangalii karata hata kidogo. Pesa ndogo ambayo kila mtu hulazimika kuweka zamu yake ikifika ilikuwa inamtoka, na nyingine ilikuwa inakuja kwangu bila mimi kufanya lolote. Nilijaribu kumshauri. *Usiingie kila mara, ndugu. Ngojea karata nzuri.*

*Nikingojea, nitakuwa naketi kimya kama hawa wengine,* akajibu. *Wenzangu hapa wanalipa bia ili wapate muntu wa kusema naye. Miye ninawalipa ninyi.*

Shemeji aliporudi jua likikaribia kuzama, nilimsimulia yote. Alinawa miguu akisikiliza.

"Alisema tuache?"

"Hapana."

"Analalamika?"

"Halalamiki."

"Basi ni muntu mukubwa, pesa ni yake, anajua anachonunua." Akajipangusa. "Kama ungekuwa na duka, ungefukuza muteja juu ya kuwa anakupenda?"

Dada, ambaye nilidhani hasikilizi, alisimamisha cherehani. "Muntu wa Makobola anawapa pesa ili mumusalimie," akasema. "Muko sawa kweli?" Akaendelea kushona.

Siku iliyofuata shemeji alikuwa tena mpakani. Nilimwandikia mwenye kofia namba yangu, nikamwambia: nipigie kwa internet, haulipi kitu, tutaongea mpaka usingizi ukupate. Simu ililia kabla sijaweka ile nyingine chini. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mkubwa kuliko nilivyodhani. Alisema "Ee!" kisha akacheka tu kwa muda, nami nikacheka, na wala hakuna aliyesema neno la kuchekesha.

Toka hapo hakurudi mezani. Shemeji alimtafuta kwa siku kadhaa baada ya chakula. Meza ile ile ilikuwa na watu watatu wanaotupa karata kwa zamu, kimya kabisa. Ilibidi nimwambie.

"Kumbe weye njo umefunga duka yangu," akasema. Hakupandisha sauti, lakini kwa muda alikuwa anakula barazani, si karibu na godoro langu. Hilo liliniuma. Nilikuwa nalala kwake, nakula kwake.

Mchana mmoja nilikuwa naongea na mwenye kofia wakati shemeji anapita mlangoni. Alisimama. "Ni yeye?" Nikaitikia kwa kichwa. Alichungulia nje kama mtu asiyejali, kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Walianza na kulaumiana kuhusu karata fulani ya zamani. Baadaye nikasikia shemeji anaulizwa habari za mama mzazi wa yule mtu, kama kuna namna ya kumfikishia taa, kwa sababu kule Makobola mama huyo anatumia tochi na anakataa kuhama. Shemeji alinitazama mguu. "Fundi ninaye hapa," akasema. "Ngojea tu atolewe plasta."

Plasta ilipotolewa nilitembea na fimbo kwanza, halafu bila fimbo. Mwenye kofia alituma pesa, tukanunua paneli, betri na taa. Shemeji alisema hawezi kuniachia nibebe betri na mguu ule, kwa hiyo tulikwenda wote, pikipiki mbili, asubuhi, ziwa likiwa limetulia.

Mama yule alikuwa mfupi, mwepesi, wa maneno machache. Alinishikia ngazi mwenyewe. Nilipokuwa juu ya bati nilifanya kazi taratibu, nikashuka taratibu zaidi. Alitupikia bukari na samaki wabichi waliotoka majini asubuhi ile. Tulipokwisha kunawa na kuanza kula akauliza:

"Na ninyi mulijuana wapi na mutoto wangu? Yeye iko mbali sana."

Niliangalia sahani. Shemeji akajibu:

"Tulikutana mezani, mama."

"Aa. Basi anakula vizuri kule?"

Shemeji alirudisha tonge sahanini. "Alikuwa anatulisha sisi," akasema.

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. "Njo yeye yule," akasema, akatuongezea samaki. Shemeji alimshukuru kwa sauti ndogo, na sikuwahi kumwona akila kwa adabu vile.

Kabla ya kuondoka niliwasha taa kumwonyesha. Jua lilikuwa kali nje, taa haikuonekana kuwa kitu. Alinyanyua uso akaitazama, akaniuliza inazimwa wapi, akaizima mwenyewe. "Giza likiingia nitaiona," akasema, kisha akatusindikiza hadi barabarani.